Makonyo, yujenoli na vanilini: ushirika wa Pemba uishie wapi?

Swali: Assalamu alaykum, Maalim. Sisi ni ushirika wa wanawake na vijana huku Mtambwe, Wete. Kila msimu tukishachambua karafuu tunabaki na makonyo, vile vikonyo vilivyoshika karafuu. Mengine tunauza, mengine yanaozea uani. Tulichongesha mtambo wa pipa, tukapata mafuta, lakini yametoka meusi na yana harufu ya moshi. Mnunuzi mmoja wa mjini ameyakataa, anataka yujenoli, ile kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ya asilimia 99. Kijana wetu naye amesoma kwamba yujenoli ndiyo inayotengenezewa vanilini, ile ya keki na aiskrimu. Viwanda vikubwa vinafanyaje kazi hii? Na sisi tunaweza kufika huko?

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Mafuta safi ya makonyo mnayaweza, tena bila kungoja mfadhili. Yujenoli ya asilimia 99 mnaiweza mkiwa na mkemia anayekuja kiwandani, si wa kupigiwa simu tu. Vanilini msiiguse. Hizi ni kazi tatu tofauti, kila moja ina vyombo vyake na hatari zake, na wengi wanaoharibikiwa huwa wamerukia ya tatu kabla ya kuimudu ya kwanza.

Makonyo hayo yanayoozea uani ni mali. Karafuu kavu yenyewe ina mafuta mengi, asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, lakini thamani yake iko sokoni ikiwa nzima, kwa hiyo kuikeneka, yaani kuipika kwa mvuke na kuupoza mvuke huo upate mafuta, ni hasara. Makonyo makavu yanatoa asilimia 5 hadi 6 hivi, na majani 2 hadi 3. Kwa anayetafuta yujenoli, mafuta ya makonyo yana sifa nzuri sana: yujenoli ndani yake hufika asilimia 85 hadi 95. Mafuta ya karafuu yenyewe yana asetati ya yujenoli ambayo watengenezaji manukato wanaipenda, na ya majani yana kariofilini nyingi zaidi, nayo ni kemikali nyingine ya mafuta haya, isiyo yujenoli. Kariofilini ishike kichwani, tutarudi kwake, maana ndiye mgeni asiyetaka kuondoka.

Sasa pipa lenu. Kwa maelezo yako sina shaka mambo mawili yametokea. La kwanza, makonyo yalikuwa yanagusa maji au yamekaa juu ya bati la chini lenye moto, yakaungua. Harufu ya moshi imetoka humo. La pili ni chuma. Yujenoli ni ya jamii ya fenoli, na fenoli zikikutana na kutu huzaa rangi nzito. Mafuta yakipita kwenye pipa la chuma na bomba la chuma yatatoka ya kahawia au meusi hata kama hayakuungua. Mnunuzi akiona rangi ile anajua habari yote bila kupima. Kama pipa lilikuwa la mafuta ya mashine kabla ya kuja kwenu, basi hata harufu haitasafishika. Litoeni kabisa kwenye kazi hii.

Dawa yake ni stenlesi, kuanzia tangi la makonyo, kifuniko, bomba la mvuke mpaka koili ya kupozea. Najua ni ghali. Fedha zenu zikiwa chache, zianzie kwenye kifuniko, bomba na koili, kwa sababu humo ndimo mvuke wenye mafuta unapogeuka kuwa maji. Boila inaweza kuwa ya chuma cha kawaida kwa kuwa inabeba maji matupu, na iwe mbali na tangi: mvuke uje kwa bomba, uingie chini ya chekeche lililoinuliwa, upande juu kupitia makonyo. Hapo moto hauyagusi makonyo tena. Na boila hiyo iwe na vali ya usalama iliyopimwa na fundi anayeijua. Boila ya kuchomelea mtaani isiyo na vali imeshaua watu sehemu nyingi.

Watu wengi hushangaa vipi yujenoli, ambayo ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi, inatoka na mvuke wa nyuzi 100. Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinatoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na presha zao zinajumlishwa. Jumla ikifika presha ya hewa, vyote viwili vinaondoka pamoja, kabla kidogo ya nyuzi 100. Lakini sehemu ya yujenoli kwenye mvuke ule ni ndogo. Kwa hesabu ya fizikia tu, kilo moja ya yujenoli inahitaji zaidi ya kilo 20 za mvuke kuibeba, na makonyo hayaachii mafuta yake upesi, basi kwenye kazi yenyewe huwa zaidi ya hapo.

Tuchukue mpiko wa kilo 100 za makonyo makavu. Mnategemea kilo 5 na nusu hivi za mafuta, yaani kama kilo 5 za yujenoli. Maji ya kugeuzwa mvuke yatapita lita 100 bila shaka. Kila kilo ya maji inakula megajuli 2.26 kugeuka mvuke, na kuni kavu zinatoa kama megajuli 15 kwa kilo. Lakini jiko la mafiga linapoteza sehemu kubwa ya moto kwa hewa. Kwa hiyo mtambo mbovu unakula msitu. Jengeni jiko la udongo au matofali lenye dohani, lifunge boila pande zote, halafu makonyo yaliyokwisha kukenekwa yaanikeni juani mchome hayo hayo. Viwanda vya mafuta ya mimea hufanya hivyo, na Pemba haina miti ya kuchezea.

Twende kwenye chombo ambacho wengi hawakitilii maanani, nacho ndicho kinachowaibia mafuta: kitenganishio. Maji yanayotoka kwenye koili huwa meupe kama yametiwa maziwa. Weupe ule ni matone madogo ya mafuta. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, lita moja ya yujenoli ina kilo 1.07 hivi, kwa hiyo yanazama. Aliyezoea mafuta ya mchaichai, yanayoelea, anamwaga mali yake kwa kuchota juu. Lakini tofauti hiyo ya uzito ni ndogo, basi matone yanashuka polepole, na yale yenye kariofilini nyingi ni mepesi na huweza kubaki juu kama utando. Chombo kiwe kirefu na chembamba, maji yaingie katikati kwa utulivu, kiwe na koki ya chini ya kutolea mafuta mazito na mdomo wa juu wa kukusanya utando. Ukiweza kukichongesha chenye kioo pembeni, utauona mstari wenyewe: juu maji ya maziwa, chini mafuta ya rangi ya majani ya chai iliyokolea kidogo. Na maji yale msiyamwage. Lita moja inashika gramu mbili na zaidi za yujenoli iliyoyeyuka. Yarudisheni kwenye boila kwa mpiko unaofuata. Boila ikiwa ya chuma cha kawaida, yarudisheni chini ya chekeche ndani ya tangi la stenlesi, yachemkie humo, ili msirudi kwenye shida ya kutu.

Mkifika hapa mmekwisha kuwa na bidhaa. Mafuta ya makonyo yaliyo safi, ya manjano hafifu au kahawia nyepesi, yana wanunuzi wake. Swali lako hata hivyo ni la asilimia 99, na hapo ndipo kemia ya viwanda inapoanza.

Mtu atasema: si tuyakeneke mara ya pili, yujenoli itoke kivyake? Hapo ndipo kariofilini inapowaumbua watu. Yujenoli huchemka nyuzi 254, na kariofilini huchemka nyuzi chache tu kutoka hapo. Kwa chungu cha kawaida zitatoka zimeshikana mikono. Viwanda vikubwa vina minara mirefu iliyojazwa vipande vya chuma kisichoshika kutu, ambamo mvuke unapanda na kimiminika kinashuka, vinakutana mara nyingi sana, na kila vikikutana vinatengana kidogo zaidi. Minara hiyo ni ya mamilioni. Njia kongwe, ambayo bado inatumika kwa sababu ni ya akili kweli, haigombani na nyuzi za joto. Inatumia tabia ya fenoli: yujenoli ni asidi dhaifu, kariofilini si asidi hata chembe.

Ukitia mafuta kwenye maji yenye kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, yujenoli inageuka chumvi na kuyeyuka ndani ya maji. Kariofilini inabaki ikielea juu, unaitenga, nayo pia inauzika kwa watengenezaji manukato. Kisha maji yale ya chini unayatia asidi, ya haidrokloriki au ya salfa, kidogo kidogo, mpaka karatasi ya pH ionyeshe 3 au chini yake. Yujenoli inarudi kuwa mafuta na kujitenga. Inaoshwa kwa maji safi mpaka asidi iishe, inakaushwa maji yake, halafu inakenekwa kwa ombwe, yaani ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa. Hili la mwisho ni la lazima. Ukiipika kwa moto wa nyuzi 254 hewani itaungua na kuwa lami. Pampu ya ombwe ikiishusha presha kutoka milimita 760 za zebaki hadi 10, inachemka kama nyuzi 120 tu na inatoka karibu haina rangi.

Hesabu ya mpiko wetu wa kilo 100 za makonyo ni hii. Kilo moja ya yujenoli inataka gramu 244 za kostiki soda kwa uchache, kwa hiyo kilo 5 zinataka kilo 1.2, kiwanda huongeza kidogo, tuseme kilo 1.6. Mkiiyeyusha kwa asilimia 5 ni lita 32 za maji ya soda. Unaona kazi inavyokua: lita 5 na kitu za mafuta zimekuwa pipa zima la kushughulikia.

Sasa naomba usome kwa makini, na uwasomee wenzio. Sufuria zetu nyingi za jikoni ni za alumini. Kostiki soda inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka ikikutana na cheche. Kazi hii ni ya stenlesi au ya plastiki nzito iliyothibitishwa, basi. Soda itiwe ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya soda, kwa sababu joto lake linarusha matone machoni. Asidi nayo hivyo hivyo, na isikaribiane na soda kali kwa wingi. Miwani ya kazi, glavu ndefu, ndoo ya maji safi karibu, na watoto wasiwepo. Jicho lililoingiwa na kostiki linapofuka kwa dakika, na kutoka Mtambwe mpaka kwa daktari wa macho ni mbali. Ndiyo maana nimesema mkemia awepo pale pale. Kama hayupo, kazi iishie kwenye mafuta safi, na hakuna aibu yoyote hapo.

Kuna jambo moja katika kemia hii ambalo mnaweza kulifanya sasa, kwa kipimo kidogo, na litawapa nguvu mbele ya mnunuzi yeyote. Maabara za zamani zilipima mafuta ya karafuu kwa chupa ya kioo yenye tumbo kubwa na shingo nyembamba iliyochorwa mililita. Mwombeni mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo karibu, aifanye yeye kwenye maabara ya shule nanyi mkiona. Anatia mililita 10 za mafuta yenu na mililita 75 za maji ya kostiki ya asilimia 5, anapasha ndani ya maji ya moto kwa dakika 10 huku akitikisa, anaacha ipoe, kisha anaongeza maji ya soda mpaka kile kinachoelea kipande shingoni. Kikisomeka mililita 1.2, maana yake mililita 8.8 zimemezwa na soda, yaani fenoli ni asilimia 88 hivi. Kipimo hiki si cha mwisho, kwa sababu kinahesabu fenoli zote pamoja na asetati iliyovunjwa na soda, lakini mfanyabiashara akikuambia mafuta yako ni asilimia 60 nawe umeona 88 kwa macho yako, mazungumzo ya bei yanabadilika. Kipimo cha mkataba ni kromatografia ya gesi, mashine ya maabara inayotenga na kupima kila kemikali iliyomo, na hicho kaulizieni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Nije kwa kijana wenu na vanilini yake. Aliyosoma ni kweli. Vanilini ilitengenezwa kiwandani kwa mara ya kwanza huko Ujerumani, mjini Holzminden, baada ya Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann kuipata mwaka 1874 kutokana na dutu iliyomo kwenye utomvu wa misonobari. Baadaye yujenoli ya mafuta ya karafuu ikachukua nafasi, ikawa ndiyo malighafi kuu ya vanilini mpaka miaka ya 1920. Pemba wakati huo ilikuwa imeshabeba mzigo wa karafuu, maana kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa.

Njia yenyewe ina hatua mbili. Yujenoli inapikwa na alkali kali kwa joto kubwa, muungano maradufu wa atomi ulioko mwishoni mwa mkia wa molekuli yake unahama hatua moja kuja karibu na duara, inakuwa isoyujenoli. Kisha muungano huo unakatwa kwa kioksidishaji, yaani dawa inayotoa oksijeni, vanilini inabaki. Kwenye karatasi gramu 164 za yujenoli zinatoa gramu 152 za vanilini, na kijana yeyote mwenye hesabu anaona utajiri. Lakini kioksidishaji cha njia ya kale kilikuwa nitrobenzini. Ni sumu inayopenya ngozi nzima nzima na kuizuia damu isibebe oksijeni. Mtu anageuka rangi ya bluu midomoni kabla hajajua amepatwa na nini. Na bidhaa ikishatoka lazima isafishwe mpaka mabaki ya sumu hiyo yasionekane, kwa sababu inakwenda tumboni mwa watu. Hilo halifanyiki nyuma ya nyumba, wala halifanyiki kwenye kiwanda kidogo kisicho na maabara yake.

Tukiacha hatari, kuna soko. Vanilini nyingi ya dunia sasa inatokana na gwayakoli ya petroli ikiunganishwa na asidi ya glioksiliki, na nyingine inatoka kwenye lignini ya miti. Kampuni ya Borregaard ya Norwei bado inaitoa kwenye misprusi, miti ya jamii ya misonobari. Viwanda hivyo vinazalisha kwa matani, bei yao hamuiwezi. Anayelipa zaidi anataka vanilini ya asili, na ukiitengeneza kwa nitrobenzini huwezi kuiita ya asili tena. Mnyororo wa thamani unaowafaa nyinyi unaishia kwenye yujenoli: madaktari wa meno wanaichanganya na oksidi ya zinki kufanya saruji ya kuzibia meno, watengeneza manukato wanaitaka, na viwanda vya ladha vinainunua. Humo mna nafasi.

Mwambieni kijana pia asije akaruka kwenye methili-yujenoli, ile ya mitego ya nzi wa maembe. Najua inatafutwa sana visiwani. Kwa kawaida hutengenezwa kwa dimethili salfati, na mvuke wake unaweza kuua mapafu saa kadhaa baada ya mtu kuuvuta na kudhani amesalimika.

Kuhusu taka. Asidi na soda zikikutana zinabaki maji ya chumvi, na kwa mpiko wetu mdogo ni zaidi ya lita 30 zenye kilo mbili na zaidi za chumvi na yujenoli kidogo iliyobaki. Yujenoli ndiyo inayotumiwa na wataalamu wa samaki kuwalaza samaki usingizi. Kipimo kikizidi hawaamki. Msiyamwage kwenye mkondo unaoteremka mikokoni, wala karibu na kisima. Mpango wa taka uandikwe kabla ya mtambo kununuliwa, na upelekwe Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, wausome.

Na sheria je? Biashara ya karafuu Zanzibar iko chini ya ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na shirika hilo lina kiwanda chake cha mafuta huko huko Pemba, jirani na Chake Chake, ambacho watu wanakiita kiwanda cha makonyo. Kabla hamjaongeza hata bomba moja, nendeni mkaulize kwa maandishi: ushirika unaruhusiwa kukeneka makonyo yake kwa kiasi gani, mafuta yauzwe kwa nani, na kama kiwanda kinaweza kuwanunulia mafuta ghafi badala ya makonyo. Jibu lao likiwa ndiyo kwa hilo la mwisho, mzigo wa soda, asidi na ombwe unawatoka nyinyi, na mnabaki na kazi ya kupika vizuri, ambayo mko nusu ya njia kuifikia.

Mafuta mtakayopata mpiko ujao yatieni kwenye chupa za kioo cha kahawia au vyombo vya stenlesi, yajae mpaka karibu na mdomo ili hewa isikae humo. Msitumie chupa za maji ya kunywa. Mafuta haya yanalainisha aina kadhaa za plastiki na kuchukua harufu yake. Kila chupa iandikwe tarehe ya mpiko, kama ni makonyo au majani, na shamba yalikotoka. Chupa ndogo ya kila mpiko ibaki kwa katibu, gizani, isiuzwe, ili mnunuzi akilalamika miezi mitatu baadaye muwe na cha kulinganisha.